Tanga Nililolifua

Waliokuwepo ziwani siku ile ni hawa. Mume wangu, aliyeikarabati mashua. Mzee wa Kizungu mwenye mashua, mkazi wa yale majumba yenye geti moja ambako mume wangu alikuwa mlinzi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo moja, muuza vitambaa pale Fordsburg. Binti yangu wa pili, aliyeendesha gari. Mwenyekiti wa chama cha wenye mashua za zamani, na mkewe, ambaye alinipa kiti chake nikae kivulini. Na mimi. Wengine walikuwa wengi, wanaume wa kofia na mbwa wao, lakini hao hawamo katika habari hii.

Majina yao yote ninayo. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Hata majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mashua ninayo, maana siku ile nilimwomba binti anisomee moja moja. Yeye ndiye ameniambia nisiandike jina la mtu hapa, kwa kuwa wengine wako hai na mmoja hawezi tena kujisemea. Basi nitawaita kwa walivyonihusu.

Mume wangu alikuwa mtu wa Ujiji. Kwao walikuwa mafundi wa boti za mbao, yeye na baba yake na ami zake, na alipokuja kunioa Ilala alikuwa na kovu la tezo ya kuchongea mbao mguuni ambalo alilionyesha kama mwingine anavyoonyesha cheti. Tulipohamia huku Johannesburg hakuna aliyemuuliza habari za boti. Walimuuliza kama anaweza kusimama usiku kucha, akasema anaweza. Akawa mlinzi. Mimi nikaweka cherehani yangu dirishani, mtaa wa Mayfair, nikawa nashona kanzu, mabuibui na sare za madrasa. Miaka ikaenda hivyo.

Siku moja yule mzee alipita getini akivuta mashua juu ya trela. Mashua ndogo ya mbao, ya watu wawili, imetoka kwa fundi. Mume wangu aliizunguka mara moja, akagonga ubavu wake kwa vidole.

"Mzee," akamwambia kwa Kiingereza chake cha getini, "huyu amekudanganya. Amepaka rangi juu ya uozo."

"Wewe unajuaje?"

"Gonga hapa. Sasa gonga na hapa. Unasikia? Hapa pamekufa."

Mzee akagonga, akasikia. Kesho yake alirudi na kiti, akaketi kibandani mwa mlinzi wakazungumza mbao mpaka zamu ikaisha. Neno "fundi" hata wao wanalo katika Kiingereza chao cha huku, basi tangu siku hiyo hakumwita mlinzi tena, alimwita fundi.

Kwa miezi kadhaa mume wangu akawa akitoka zamu anaingia gereji ya yule mzee. Alitoa mbao zilizooza, akaweka mpya, akakalafati nyufa kwa pamba maji yasipite, kama walivyofanya kwao. Jumapili alirudi nyumbani ananuka vanishi, na mimi nikijifanya nakunja uso. Uongo. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti ya kuimba, na sasa alikuwa akiimba bafuni.

Kisha akaja na habari. Kila mwaka chama chao hukutana kwenye ziwa moja kule milimani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka hapa kwa gari. Maziwa mengi ya nchi hii ni mabwawa ya kutengenezwa, na lile pia, lakini milima imelizunguka pande tatu, na mtu wa Ujiji akiliona lazima akumbuke ziwa la kwao. Huko hushindana kwa mashua za zamani tu, na kila kitu lazima kiwe kama kilivyokuwa: mlingoti wa mti, kamba za katani, tanga la pamba. Chama kilikuwa kinatafuta fundi wa kukaa palepale ziwani azitunze mashua zao zote. Mzee alikuwa amemwambia mwenyekiti, "Ninaye mtu." Mwenyekiti akajibu, "Mlete ashike usukani siku ya mashindano. Tumwone."

"Wanaweza kukutoa getini?" nikamuuliza.

"Wana nyumba ndogo kule, kando ya banda la mashua. Ina na bustani. Utaweka cherehani yako dirishani, utakuwa unaona maji."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Akionekana hodari siku ile, anaacha geti na kurudi kwenye kazi ya baba yake.

Wiki ya mashindano alikuja na tanga limekunjwa kwenye mfuko. Ukingo wake mmoja, ule unaopitishwa kamba ya kulifunga mlingotini, ulikuwa umefumuka. Lilikuwa marikani nzito ya zamani, na mzee alikuwa amelirithi pamoja na mashua kutoka kwa baba yake.

"Shona ukingo tu, mama watoto," akaniambia. "Mengine yaache yalivyo."

Nikashona. Ukingo ulinichukua asubuhi moja, sindano nene, uzi uliopakwa nta. Nilipolikunjua lote sakafuni nikaona aibu. Lilikuwa na rangi ya chai iliyomwagika. Chini kulikuwa na vidoa vyeusi vya ukungu, na katikati doa kubwa la kahawia kama ramani. Nikajiambia, hivi mume wangu ndiye atakayesimama mbele ya watu na kitu hiki juu ya kichwa chake? Na mimi mkewe ni mshonaji? Kwetu Ilala kanzu ya Ijumaa hufuliwa, hupigwa buluu, hutiwa wanga. Mtu akitoka na doa, hawamsemi yeye, wanamsema aliye nyumbani kwake. Na wifi yangu alikuwa anakuja. Wifi yangu akiona doa kwenye kanzu ya kaka yake anaweza kulisimulia kuanzia Idi hii mpaka Idi ile.

Nikalitia kwenye hodhi la kuogea. Sabuni haikufanya kitu. Nikamimina dawa ya kung'arishia nguo. Kwanza kiasi, kisha nikaona doa la ramani bado lipo, nikamimina chupa yote. Maandishi ya chupa yalikuwa Kiingereza na sikuyasoma. Hata hivyo sitajificha nyuma ya chupa, kwa sababu nimefua maisha yangu yote na najua dawa ile hula pamba ikikaa. Najua pia kwamba lazima isuuzwe mara tatu, nne, mpaka harufu iishe.

Nikaliacha lilowe, nikaenda kushona. Niliporudi hodhini baada ya adhuhuri nikafungua bomba nisuuze, likakohoa, likatoa matone ya kutu, likanyamaza. Maji yamekatika mtaa mzima. Si jambo geni huku. Nilikuwa na ndoo moja ya akiba na maji ya kutawadha. Nikatumia ndoo ile moja kwa tanga lote.

Maji hayakurudi siku ile wala ya pili, na siku ya tatu ndiyo ya safari. Ningeweza kwenda kwa jirani mwenye tangi. Nilimfahamu, jina lake ninalo, na asingeninyima. Lakini tanga lilikuwa limeshaanza kukauka kwenye kamba nyuma ya nyumba, na lilikuwa jeupe, jeupe hasa, na macho yangu yalipenda yalichokiona. Nikaliacha. Nilipolipiga pasi harufu ya dawa ikapanda mpaka ikanitoa machozi. Nikawasha udi, nikalifukiza lote kama ninavyofukiza nguo za bibi harusi.

Mume wangu alipoliona alisimama mlangoni na kofia yake ya ulinzi mkononi.

"Umelifua."

"Nimelifua. Huoni lilivyopendeza?"

"Kwa nini?"

"Kwa sabuni," nikamjibu, kana kwamba ameniuliza kwa kitu gani.

Aliliangalia muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Basi tutaonekana tangu mbali." Akalikunja mwenyewe, taratibu, akalitia mfukoni.

Kule ziwani mashua zilipangwa kwenye nyasi, na waamuzi wakazunguka kuzitazama kabla ya kuingia majini. Tanga la kila mashua lilikuwa la rangi ya chai. Letu peke yake ndilo lililokuwa linaumiza macho.

"Hee, wifi!" akaanza wifi yangu. "Leo umewafulia mpaka Wazungu?"

"Uchafu si sifa, wifi."

"Kwenu si sifa. Kwao ndiyo sifa yenyewe. Husikii mama huyo anavyosema?"

Mke wa mwenyekiti alikuwa akisema na binti yangu, ameweka mkono kifuani. Nikamwuliza binti anasema nini.

"Anasema yale madoa ndiyo umri wake, mama. Anauliza limekwenda wapi tanga la zamani."

"Mwambie ni hilohilo, limeoga."

Binti akamwambia. Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Mzee mwenye mashua alisogeza uso kwenye kitambaa akasema kinanuka kama kanisani. Akacheka naye. Hakuna aliyekasirika, na mimi nikajiona nimeshinda.

Pembe ikapigwa. Mashindano yalikuwa mizunguko mitatu, kupita maboya mekundu. Mume wangu alikaa nyuma kwenye usukani, mzee mbele yake. Sikuwahi kumwona mume wangu ndani ya chombo. Nilimjua akiwa amesimama getini, akiwa amelala mchana, akiwa amekaa kwenye jamvi. Pale alikuwa ameegemea nje ya ubavu wa mashua, mgongo unakaribia maji, na uso wake ulikuwa wa yule kijana aliyekuja Ilala. Mzunguko wa kwanza walikuwa wa nne. Wa pili ulipoanza walikuwa wa pili.

"Kaka yangu huyo!" wifi akawa anapiga kelele, mtandio umemwanguka. "Wapite hao! Wapite!"

Mwenyekiti aliyesimama karibu yetu akashusha darubini yake, akamwambia mkewe jambo. Binti akaninong'oneza, "Anasema huyu mtu amezaliwa majini."

Mchana upepo wa kule hushuka kwenye mwanya wa milima kwa vishindo. Kwanza unaona maji yanakuwa meusi, kisha unakufikia. Niliyaona yakigeuka meusi nyuma yao. Mashua zote zikalala upande mmoja, na yetu ikalala, na kisha nikasikia. Binti anasema ilikuwa mbali mno, sikuweza kusikia. Mimi nilisikia. Ni mlio wa mwenye duka anapochana kitambaa kwa mikono miwili. Tanga lilipasuka kutoka ukingoni mpaka katikati, likabaki linapepea vipande viwili, na mashua ikasimama kama ng'ombe aliyechoka. Wengine wakawapita, mmoja mmoja, wakawapungia mikono kwa huruma.

Walivutwa na boti ya injini mpaka ufukweni. Nilikuwa wa kwanza kufika. Ukingo niliokuwa nimeushona ulikuwa mzima, haukuachia hata mshono mmoja. Pembeni yake ndipo palipopasuka. Kitambaa kizima kikichanika hufuata uzi na huacha nyuzi ndefu. Hiki kilikuwa kimepasuka kombo, popote kilipotaka, na kingo zake zilikuwa fupi na laini kama za karatasi. Mshonaji yeyote angetazama mara moja na kujua. Wifi naye ni mtu wa vitambaa, lakini alikuwa bado juu kwenye nyasi akitafuta viatu vyake.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti majini. Alichukua upande mmoja wa lile tanga, limelowa, akaushika kwa mikono miwili, akaupeleka usoni. Akakaa hivyo. Udi ulikuwa umeshatoka kwa maji, na mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake nilikuwa naisikia ile dawa.

Akanyanyua macho, akaniangalia.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika, na wengine nyuma yake. Aliuliza nini kimetokea. Hakuuliza kwa ukali, lakini aliuliza kama mtu anayetaka jibu. Mume wangu akasimama, suruali inadondosha maji, akajibu mwenyewe kwa Kiingereza. Maneno mengine yalinipita, yale ya mwisho niliyaelewa kabla binti hajanitafsiria.

"Mama, baba anasema ni kosa lake. Anasema alilikaza mno kwenye mlingoti. Anasema tanga la zamani lilitaka mkono mwepesi, yeye akasahau."

Binti alikuwa ameshika mkono wangu. Ningesema neno moja tu, "Mwambie ni mimi," angeligeuza Kiingereza papo hapo. Wala halikuwa kosa la kufa nalo. Mwanamke amefua nguo, basi. Wangecheka, wangenung'unika, na mume wangu angebaki fundi. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwona wifi anashuka kwenye nyasi, viatu mkononi, anauliza kwa sauti, "Nini? Nani kaharibu?"

Nikamwambia binti, "Twende tukakusanye vyombo."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Twende tukakusanye vyombo.

Mwenyekiti alimpigapiga mume wangu begani, akampa pole. Nyumba kando ya banda alipewa kijana mmoja wa Cape Town mwenye karatasi za chuo. Mume wangu alirudi getini. Njiani siku ile tulipofika robot ya kwanza ya mjini, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, nilijaribu kuanza, nikasema, "Baba watoto, lile tanga..." Akasema, "Limekwisha, mama watoto. Lilikuwa zee." Nami nikashukuru kwamba amenifunga mdomo. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Hakuingia tena gereji ya mzee. Mzee alimwita, yeye akasema zamu zimebana. Sikumsikia tena akiimba bafuni. Alisimama getini majira mengine sita ya baridi, na ya sita ndiyo yaliyomshika kifua.

Na nyumbani jambo likageuka mzaha. Wifi ndiye aliyeuanza, bila ubaya. Kila tukikutana kwenye pilau lazima aseme, "Kaka yangu mkono wake mzito, mpeni nyama asikate yeye, atapasua na sahani." Wajukuu waliokuja baadaye, ambao Kiswahili chao ni cha kuokoteza, kisa hiki wanakijua vizuri: babu alipasua tanga la Mzungu. Waliigiza mbele yake, mmoja anashika shuka, mwingine anakuwa upepo. Alikuwa anacheka nao. Mimi nilikuwa naondoka kwenda jikoni.

Alipofariki, yule mzee alikuja Mayfair. Alisimama nje ya msikiti na kofia mkononi mpaka jeneza likatoka, kisha akaja nyumbani, binti akakaa katikati yetu kutafsiri. Alisema mume wangu alikuwa na mikono bora kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kumjua. Kisha akasema, "Kuna jambo sijalielewa mpaka leo. Tanga lile tulilifunga pamoja, mimi na yeye. Nilishika kamba ileile. Halikukazwa mno."

Alikuwa ananitazama mimi, si binti.

Basi hiyo ilikuwa mara ya pili kupewa nafasi. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa msiba, wifi yuko chumba cha pili analia. Nikamwambia binti, "Mwambie asante kwa kuja. Mwulize kama atakunywa chai."

Aliinywa yote. Akaondoka.

Sasa nimeyaandika, na wajukuu mtasomewa. Babu yenu hakupasua tanga la mtu. Mkono wake haukuwa mzito. Alikuwa wa pili na alikuwa anakwenda kuwa wa kwanza. Tanga liliunguzwa na mimi, kwa chupa nzima ya dawa na ndoo moja ya maji, kwa sababu sikutaka wifi yangu aone doa. Wifi, ukifika hapa najua utakuwa na la kusema. Njoo uniambie, chai ipo.

Binti ameahidi kunipeleka kwa yule mzee, ambaye sasa yuko katika nyumba ya wazee na siku nyingine hamtambui mtu. Tutakwenda siku yoyote ile.

Lakini mliokuwepo pale ufukweni ninawaomba kitu. Majina hayanipotei, ila niliyoyaona kwa macho yanaweza kunipotea, nami nimelitazama lile jambo mara nyingi mno mpaka siliamini tena. Mimi nakumbuka mume wangu aliunusa ule upande wa tanga, kisha ndipo aliponiangalia, kisha ndipo aliposema ni kosa lake. Kwa utaratibu huo. Binti anasema hapana, anasema baba alikuwa anajifuta maji usoni tu kwa kitu kilichokuwa karibu, na hakujua lolote. Kama ni hivyo, alikwenda kaburini akiamini kweli kwamba alisahau kazi ya baba yake. Aliyeona vizuri kuliko sisi, nakuomba unisahihishe, hata kama jibu lako ndilo nisilolitaka.